Stempu iliyosubiri roketi: uchambuzi wa stempu ya senti 4 ya Project Mercury, 1962

Kisa kwa ufupi

Februari 20, 1962, saa 9:30 alasiri kwa saa za Florida, Posta ya Marekani ilianza kuuza stempu ya senti 4 ambayo umma haukuwa na habari nayo. John Glenn, mwanaanga wa Project Mercury, mradi uliopeleka Wamarekani wa kwanza angani, alikuwa ameizunguka dunia mara tatu siku hiyohiyo, na chombo chake kilikuwa kimetua baharini muda usiofika saa nzima uliopita. Stempu inayosherehekea safari hiyo ilikuwa tayari ndani ya ofisi za posta 305 nchini kote, kwenye vifurushi vilivyofungwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa posta hiyo kutoa stempu ya kumbukumbu wakati uleule wa tukio lenyewe.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya siri. Siri ilikuwepo, lakini siyo iliyoibeba kazi. Ugumu ulikuwa kuchora, kuchonga na kuchapa kitu kuhusu jambo ambalo bado halijatokea, kwa namna ambayo hakuna neno wala mstari utakaogeuka uongo jambo lenyewe likitokea tofauti na mpango. Hapo ndipo uchambuzi huu unapokaa zaidi. Msanifu, wachongaji na maofisa wa posta wanatajwa kwa kazi zao tu, bila majina. Mwanaanga anatajwa kwa sababu bila yeye tarehe hazieleweki.

Mazingira

Wasovieti walikuwa wametangulia, kwa roketi na kwa stempu pia. Sputnik, chombo cha kwanza kuizunguka dunia, ilirushwa Oktoba 1957 na stempu yake ikatoka mwaka huohuo. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aliruka Aprili 12, 1961, na stempu za safari yake zikaonekana mwezi huohuo. Upande wa Marekani, Alan Shepard alipanda Mei 5, 1961 na Gus Grissom Julai 21, 1961, lakini safari zote mbili zilikuwa za kupanda na kushuka, za robo saa hivi, bila kuizunguka dunia. Kuizunguka ndiko kulikosubiriwa.

Utaratibu wa kawaida wa posta haukufaa. Stempu ya kumbukumbu hutangazwa wiki kadhaa kabla. Picha ya mchoro hupelekwa magazetini, mji wa kuizindulia huchaguliwa, na wakusanyaji hutuma bahasha zao mapema zigongwe mhuri wa siku ya kwanza. Kutangaza hivyo stempu ya safari ambayo ingeweza kuishia kwa kifo cha mwanaanga, watu wakitazama kwenye televisheni, kungekuwa kujitafutia aibu. Kungoja tukio lipite ndipo kazi ianze nako kungekula wiki nyingi, maana stempu ya kuchongwa kwenye chuma haiharakishwi. Waliamua kuitengeneza yote kabla, kimya, kisha ama iuzwe papo hapo au isiuzwe kabisa.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo moja la kukumbuka. Mtandao wa vituo vya kufuatilia vyombo vya Mercury ulikuwa na kituo kisiwani Unguja. Glenn aliporushwa, huko ilikuwa saa 11:47 jioni, na katika mzunguko wa kwanza watu wa kituo cha Zanzibar walizungumza naye kwa redio alipokuwa akipita juu ya ukanda huu. Stempu ilipoanza kuuzwa Marekani, Unguja ilikuwa saa 5:30 usiku.

Kutoka mchoro hadi bamba

Ukubwa ulikuwa ule wa kawaida wa stempu za kumbukumbu za Marekani wakati huo: eneo la picha takriban milimita 21 kwa 37. Msanifu alichorea nyumbani, mbali na meza yake ya kila siku. Mchoro wa namna hii hufanywa mara kadhaa zaidi ya ukubwa halisi, kisha hupunguzwa kwa kamera ili waone kinachobaki. Mistari miwili iliyo mbali kidogo kwenye meza ya msanifu hugeuka waa moja kwenye stempu. Chombo cha Mercury kilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 kitakoni, na umbo lake ni rahisi: koni butu yenye shingo. Hiyo ilisaidia. Umbo rahisi linatambulika hata likiwa na ukubwa wa ukucha, na ndiyo maana vyombo vya baadaye vyenye miguu, antena na mabawa ya kuvuna jua viliwasumbua zaidi wasanifu.

Picha ilikuwa chombo cha Mercury kikiwa angani na duara la dunia. Maandishi yalitaja nchi, thamani, mradi wa Mercury, na kwamba ni mtu wa Marekani katika anga za juu. Hayakuzidi hapo, na tutayarudia.

Mchoro ulipokubaliwa, kazi ilihamia kwa wachongaji wa kiwanda cha serikali kilichopo Washington, kilekile kinachochapa noti za dola. Huko picha na herufi huwa na wachongaji tofauti. Anayechonga picha hachongi herufi, kwa kuwa ni mikono ya aina mbili. Wa picha anajenga kivuli kwa unene na kina cha mistari. Wa herufi anatafuta ukingo safi na nafasi sawa. Wote wanachonga kinyume, kama taswira ya kwenye kioo, kwenye kipande kimoja cha chuma laini ambacho hapa tutakiita bamba mama. Walifanya kazi nje ya saa za kawaida, kwa kificho, ili wenzao wasiulize ni nini kilicho mezani.

Kuanzia hapo hatua ni hizi. Bamba mama hupashwa moto na kupozwa ghafla ili liwe gumu. Rola ya chuma laini hubingirishwa juu yake kwa shinikizo kubwa mpaka chuma cha rola kiingie ndani ya michongo, na sasa rola ina picha iliyonyanyuka. Rola hiyo nayo hufanywa ngumu. Kisha hukandamizwa kwenye bamba la kuchapia, mara moja kwa kila stempu, hadi picha 200 zijae. Kila mkandamizo lazima uangukie kwenye alama yake. Ukikosea sehemu ndogo ya milimita, safu ya matundu ya kuchania itakata picha upande mmoja na kuacha ukingo mpana upande wa pili. Mkandamizo ukirudiwa bila kukaa palepale, stempu hiyo moja kati ya 200 hutoka na mistari pacha, na wakusanyaji wataitafuta kwa lenzi miaka hamsini ijayo. Bamba likikamilika hukunjwa lifuate silinda ya mashine, hufanywa gumu na kupakwa kromiamu.

Ugumu wa anga za juu kwa mchongaji ni weusi wake. Eneo kubwa la rangi iliyokoza haliwezi kuchongwa kama shimo moja pana. Kitambaa au rola ya kufutia itauzoa wino kutoka katikati ya shimo na kuacha doa jeupe. Kwa hiyo mbingu hujengwa kwa wavu wa mistari inayopishana, kila mfereji ukiwa mwembamba kiasi cha kushika wino wake. Ukitazama mbingu ya stempu ya kuchongwa kwa lenzi ya kukuza mara kumi utaona wavu huo, na ukipitisha kidole utausikia kidogo. Ni njia rahisi ya kutofautisha uchapaji wa kuchonga na ofseti, yaani uchapaji wa bamba bapa lisilochongwa, ambayo ni laini na haina mwinuko.

Kwenye mashine

Stempu ilichapwa kwa rangi mbili, buluu iliyokoza na njano, kwenye mashine ya Giori. Kiwanda kilianza kuitumia mwaka 1957 kwa stempu ya bendera ya senti 4. Kuichagua mashine hiyo kulikuwa na uzito kuliko mtu anavyodhani.

Kwa njia ya zamani, stempu ya kuchongwa yenye rangi mbili ilihitaji mabamba mawili na karatasi kupita mashineni mara mbili. Karatasi hunyonya unyevu, hutanuka na kunywea kati ya mpito wa kwanza na wa pili, na rangi ya pili haiangukii mahali pake. Shehena inayotupwa huwa kubwa. Giori hupaka rangi zote kwenye bamba moja. Kila rangi ina rola yake iliyokatwa umbo la eneo lake tu, bamba hufutwa, kisha karatasi hukandamizwa mara moja. Rangi haziwezi kuhamana kwa sababu zinatoka kwenye chuma kimoja. Ndiyo maana pia stempu hii ina namba moja ya bamba pembeni badala ya namba kwa kila rangi.

Giori ina ugonjwa wake. Rola mbili zikipakana, wino huchanganyika mpakani, na katika kufuta, rangi nzito huburutwa juu ya nyepesi. Buluu na njano zikikutana zinazaa kijani. Msanifu anayeijua mashine hii huacha pumziko kati ya maeneo ya rangi, au hupanga mpaka ukae mahali ambapo mchanganyiko hautaonekana. Fundi wa mashine hukagua rangi nyepesi kwanza, maana ndiyo inayochafuka mapema.

Jambo la pili ni kukauka. Wino wa kuchonga hukaa juu ya karatasi kwa wingi. Karatasi zikirundikwa mapema, picha ya iliyo chini hujichapa kwenye mgongo wa iliyo juu. Mbingu iliyojaa buluu huongeza hatari hiyo. Kwa kazi ya siri ni shida zaidi, kwa sababu marundo yanayokauka yanahitaji nafasi na muda, na rundo la stempu mpya ni kitu kigumu kuficha. Uchapaji ulifanyika mahali pasipofikiwa na wafanyakazi wengine.

Karatasi ya stempu 200 hutobolewa matundu 11 kwa kila sentimita 2, wima na mlalo, kisha hukatwa kuwa kurasa nne za stempu 50. Jumla iliyotolewa mwishowe ni stempu 289,240,000. Gawanya kwa 200 upate karatasi 1,446,200. Zidisha kwa senti 4 upate dola 11,569,600 za thamani ya posta. Tarakimu hiyo ya mwisho inaeleza kwa nini siri ya stempu si kama siri ya bango. Kwa mhasibu wa posta, stempu ambayo haijauzwa ni fedha taslimu.

Vifurushi na kungoja

Vifurushi vilitumwa kwenye ofisi 305 vikiwa vimefungwa, na maagizo yalikuwa visifunguliwe mpaka amri itoke Washington. Postamasta anayepokea kifurushi kama hicho yuko pagumu. Anatia saini mzigo wenye thamani ambayo hawezi kuihesabu. Njia ya kawaida ya kulitatua hilo katika kazi za posta ni kupokea kwa hali ya lakiri badala ya hesabu ya ndani: anayepokea anathibitisha kuwa kifungo hakijaguswa na uzito ni uleule, na hesabu inafanywa mbele ya shahidi siku ya kufungua.

Roketi ilichelewa na kuchelewa. Safari ilikuwa imepangwa mwisho wa 1961, ikasogezwa Januari. Januari 27 Glenn alikuwa ameshafungiwa chomboni, zikabaki dakika 29, na mawingu yakasitisha kila kitu. Halafu ikagundulika kuwa mafuta yamevuja kwenye tangi la roketi ya Atlas. Katikati ya Februari hali ya hewa ikazuia tena. Kila ahirisho liliongeza siku za watu kunyamaza, na kunyamaza kwa watu wengi hakudumu. Siri hii ilidumu, na sababu moja inaonekana wazi: kila kundi lilijua kipande chake tu. Mwenye kifurushi hakujua kilichomo. Aliyejua kilichomo hakuwa na kifurushi.

Februari 20

Roketi iliondoka Cape Canaveral saa 3:47 asubuhi. Safari ilichukua saa 4, dakika 55 na sekunde 23. Katikati yake chombo kilileta ishara kwamba ngao ya joto huenda imelegea. Ingekuwa kweli, chombo kingeungua wakati wa kurudi. Wasimamizi waliamua fungu la roketi za kupunguza mwendo lisitupwe kama ilivyopangwa, ili mikanda yake isaidie kuishika ngao. Baadaye ilibainika kuwa ishara ndiyo iliyokuwa na kasoro, ngao ilikuwa mahali pake.

Kwa anayesimamia stempu, saa hizo ndizo zinazohalalisha gharama yote ya vifurushi vilivyofungwa. Mtu mmoja tu wa dirishani angeuza ukurasa mmoja mapema na Glenn asirudi, posta ingekuwa imeuza furaha juu ya msiba.

Chombo kiligusa maji saa 8:43 mchana. Meli ikakiopoa na Glenn akatoka salama. Amri ilitoka, na saa 9:30 mauzo yakaanza. Mhuri rasmi wa siku ya kwanza ulikuwa wa Cape Canaveral, na umeandikwa saa yenyewe ya alasiri, jambo lililo sawa kabisa kwa stempu hii, kwa kuwa saa ndiyo iliyokuwa habari.

Kilichofanya kazi

Kwanza, maandishi. Soma tena kilichomo: mtu wa Marekani katika anga za juu, mradi wa Mercury. Hakuna tarehe. Hakuna jina la Glenn, wala jina la chombo chake, Friendship 7. Hakuna idadi ya mizunguko. Pima kila kimoja kwa yale yaliyotokea. Tarehe ingeandikwa, ingekosea mara kadhaa kabla ya Februari 20. Jina lingeandikwa, na Glenn augue, mwenzake wa akiba Scott Carpenter angeruka na mabamba yote yangekuwa chuma chakavu. Na jina la chombo lingeweza kubadilika pamoja naye. Mizunguko mitatu ingeandikwa, na safari ikatizwe baada ya mmoja, stempu ingesema uongo juu ya safari iliyofanikiwa nusu. Zaidi ya hayo, maneno yaliyochongwa yalikuwa kweli tayari tangu Mei 1961 Shepard aliporuka. Stempu haikudai kitu ambacho safari ya Glenn ingeweza kukikanusha. Tukio liliipa maana kwa kuchagua saa ya kuuza, bila herufi hata moja kuongezwa.

Posta ya Marekani wakati huo pia haikuweka watu walio hai kwenye stempu. Kanuni hiyo mara nyingi hulalamikiwa na wasanifu. Hapa iliwaokoa na kishawishi cha kuchora uso.

Pili, bamba moja na mpito mmoja. Kadiri hatua za kuchapa zinavyopungua, ndivyo idadi ya watu wanaogusa kazi inavyopungua, na ndivyo makosa ya kurukwa kwa rangi yanavyokuwa machache. Rangi mbili zilitosha. Rangi nne zingeipendezesha picha zaidi, ila zingeleta mafundi zaidi na karatasi mbovu zaidi za kuhesabiwa na kuchomwa kwa siri.

Tatu, thamani. Senti 4 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida. Watu waliinunua kwa matumizi, wala si kwa kuhifadhi tu, na akiba kubwa haikubaki mikononi. Nauli ilipanda kuwa senti 5 Januari 1963, hivyo ilipata karibu miezi kumi na moja ya kazi yake halisi.

Palipoumia

Ofisi 305 katika nchi iliyokuwa na ofisi za posta zaidi ya 30,000 ni chache. Aliyeishi mji mdogo alisikia habari redioni, akaenda dirishani, akaambiwa bado. Hilo halikuepukika, kwa kuwa kila ofisi inayoongezwa ni mdomo unaoongezwa, lakini lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mteja.

Wakusanyaji nao walivurugikiwa. Hakuna aliyeandaa bahasha za siku ya kwanza zenye picha ya stempu hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Waliobahatika walikuwa wale walioandaa bahasha za safari yenyewe ya roketi, wakakimbilia kununua stempu na kuibandika kabla madirisha hayajafungwa. Kutokana na hilo zipo bahasha za Februari 20 zenye mihuri ya miji mbalimbali nchini, na leo hutafutwa kwa jina la mji kana kwamba ni mihuri 305 tofauti. Bahati hiyo haikupangwa. Ilizaliwa na utaratibu uliovunjika.

La tatu ni zito zaidi kwa msanifu, ingawa halitajwi sana. Siri huondoa macho ya pembeni. Stempu za anga hukosea kwa namna zinazojulikana: chombo kinaelekezwa kinyume, kivuli kinaangukia upande ambao jua lipo, nyota zinachorwa mbele ya upande wa giza wa Mwezi, dunia inawekwa karibu mno na upeo wa macho. Mercury, kwa mfano, ilisafiri kwenye mzunguko kitako butu kikitangulia, kinyume cha anavyodhani mtu aliyezoea kuona ncha ikiwa mbele. Makosa kama hayo hukamatwa na mhandisi mmoja akipewa mchoro kwa dakika kumi. Katika kazi ya siri, mhandisi huyo ni mtu wa kuongezwa kwenye orodha ya wanaojua, na mara nyingi haongezwi. Gharama ya kutomwongeza haionekani mpaka stempu milioni 200 ziwe mitaani.

Na kuna ubaridi wa stempu yenyewe. Ile busara ya kutotaja chochote kinachoweza kubadilika imeacha stempu isiyoeleza ni safari gani. Mtoto anayeiona kwenye albamu leo hajui kuwa ni ya Glenn mpaka aambiwe. Kwa maoni yetu biashara hiyo ilikuwa na faida, ila isisemwe kuwa ilikuwa bure.

Njia nyingine mbili za kukabili shida ileile

Mwaka 1969, kwa Apollo 11, posta hiyohiyo ilichagua uwazi. Bamba mama la stempu ya senti 10 ya barua za ndege lilichongwa kabla ya safari, likasafirishwa hadi Mwezini ndani ya chombo cha kutua, likarudi, ndipo mabamba ya kuchapia yakatengenezwa kutokana nalo. Safari ikishindwa, hakuna bamba na hakuna stempu: bamba mama lenyewe likawa kufuli. Binadamu walitua Julai 20, stempu ikatoka Septemba 9, siku 51 baadaye. Umma ulingoja kwa hamu, na bahasha za siku ya kwanza zikafurika. Uso wa mwanaanga ulifichwa na kioo cha kofia, hivyo kanuni ya watu walio hai haikuvunjwa waziwazi.

Ila stempu hiyo ilichapwa kwa ofseti pamoja na kuchonga, yaani karatasi ilipita zaidi ya mara moja. Matokeo yake zipo nakala zilizokosa rangi nyekundu, ambayo inatakiwa ionekane kwenye bendera ndogo ya begani. Karatasi mbili zikinatana zinapoingia, ya chini inarukwa na rangi hiyo, na mkaguzi anayetazama kurasa zinazopita kasi haoni bendera isiyofika milimita chache. Kasoro za namna hii hukamatwa kwa mtu aliyepangiwa sehemu moja ndogo ya picha na asiyetazama kingine.

Mfano wa pili ni kupatwa kwa jua Agosti 21, 2017. Stempu ilitoka Juni 20, miezi miwili kabla, na picha iliyotumika ni ya kupatwa kwa Machi 29, 2006, iliyopigwa Jalu, Libya. Walikuwa na tukio lenye tarehe isiyoweza kuahirishwa na picha ya kweli ya tukio la jinsi ileile. Duara jeusi lilichapwa kwa wino unaobadilika kwa joto: ukiweka kidole, Mwezi unajitokeza, ukiondoa unafifia. Wino huo hauvumilii mwanga wa jua, ukaaji wa muda mrefu mwangani huuua, kwa hiyo posta iliuza na bahasha ya kukinga. Aibu ndogo kwa stempu ya jua kuogopa jua, lakini ni kweli.

Kinyume chake, maandishi yanayotaja hali ya wakati yana umri. Mwaka 1991 Marekani ilitoa stempu ya senti 29 ya Pluto ikisema sayari hiyo bado haijachunguzwa. Nakala yake ilifungwa ndani ya New Horizons, chombo cha kuichunguza Pluto kilichorushwa 2006, na Julai 14, 2015 chombo kikapita Pluto na kuifanya stempu iliyo ndani yake kuwa ya kale. Mwaka 2016 zikatolewa mpya. Mara hiyo sentensi iliyochakaa iligeuzwa tangazo zuri. Si kila sentensi iliyochakaa hupata roketi ya kuibeba.

Kwa anayepanga stempu ya tukio lisilotokea bado

Andika maneno yote yatakayokuwa kwenye stempu, pamoja na mwaka wa pembeni na maelezo ya kwenye ukurasa. Kisha kwa kila neno andika jambo ambalo likitokea neno hilo litakuwa uongo. Neno lenye jambo la namna hiyo ambalo lina uwezekano wa kweli linaondoka kwenye stempu na kuhamia kwenye mhuri wa siku ya kwanza. Mhuri hutengenezwa kwa siku chache. Bamba haliko hivyo. Saa, mji, jina la mtu na idadi ya mizunguko vina makao mazuri mhurini.

Mchoro upunguzwe hadi ukubwa halisi na uchapwe kabla haujajadiliwa. Mjadala wa stempu unaofanywa mbele ya skrini kubwa huishia na herufi zisizosomeka. Acha angalau milimita moja kati ya picha na mstari wa matundu, kwa sababu mashine ya kutoboa huyumba hata ikiwa nzuri, na chombo kilichowekwa pembeni kabisa kitapoteza antena kwenye stempu moja kati ya kumi.

Mweke mhandisi mmoja wa vyombo vya anga kwenye orodha ya wanaojua, siku ya kwanza, kabla ya mchongaji. Mpe maswali matatu tu: kinaelekea wapi, jua liko upande gani, kitu gani hapa hakikuwepo siku ya safari.

Amua mapema nani anatoa amri ya kuuza, nani anashika nafasi yake asipopatikana, na amri inafikaje kwenye ofisi ambayo simu yake imekatika. Amua pia tukio likishindwa stempu zinarudi vipi. Hapo ndipo mipango mingi huwa na ukurasa mtupu. Kila kifurushi kirudi na lakiri yake nzima, kihesabiwe mbele ya mashahidi wawili, kurasa zilinganishwe na hesabu ya mashine ikiwa ni pamoja na zile zilizoharibika wakati wa kuchapa, na zichomwe siku moja mahali pamoja. Mabamba yakwaruzwe kwa msalaba, na bamba mama vilevile. Ukurasa mmoja ukipungua, usifunge hesabu: stempu 50 za tukio lililoshindwa, ambazo rasmi hazijawahi kuwepo, zitakuwa na bei sokoni kuliko milioni zote ambazo zingeuzwa.